Mkandaji na Mafuta Yake: Tarikhi ya Tiba ya Kuteguka Katika Pwani

Maradhi makubwa hayakosi waandishi. Kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869 na kuua watu kwa maelfu kilipata mwandishi wake, James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa akitibu mjini zama zile, ambaye kitabu chake juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki kilipigwa chapa London mwaka 1876. Tauni ina ripoti zake, ndui ina zake, na malale ya Uganda yamejaza makabati ya maktaba za Ulaya. Lakini kifundo cha mguu kilichopinda ngazini, kiganja kilichoteguka kwa mwenye kuteleza kisimani, kiuno kilichoshtuka chini ya gunia, hizo ni adha za kila siku ambazo hazikuua mtu wala kuzuia jahazi kung'oa nanga, na kwa hiyo hapakuwa na liwali, kadhi wala tabibu wa serikali aliyeona haja ya kuzitilia wino. Atakaye kuijua tarikhi yake hana budi kuitafuta mahali pengine: katika kazi zilizoviumiza viungo vya watu, katika maduka yaliyouza mafuta, na katika mikono ya wazee wachache, aghalabu wanawake, ambao mtaa mzima uliwajua ingawa hakuna daftari lililowaandika.

Tuanze na kazi, kwa kuwa kiungo hakiteguki pasipo sababu. Katika karne ya 19 biashara baina ya pwani na bara ilitembea kwa miguu ya wanadamu, maana katika sehemu nyingi za njia zile mbung'o hakumwacha mnyama wa kubeba mizigo aishi. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshuka Bagamoyo na pembe begani, akarejea Tabora na mtumba wa merikani kichwani, alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani yapata ratili 70, kwa safari ya miezi, katika vijia vyembamba vilivyojaa mizizi, mawe na mashimo ya wanyama. Mguu ukimpinda mtu wa namna hiyo, msafara haukuwa na nafasi ya kumngoja. Mzigo wake uligawiwa wenziwe, na mwenyewe akaachwa kijijini kwa watu apate nafuu na kufuata na msafara mwingine, au asifuate kabisa. Hapo ndipo maarifa ya kufunga mguu kwa magome na kamba, kuukanda kwa majani yaliyopashwa moto, na kumpa mtu fimbo aendelee, yalipokuwa na thamani isiyopungua ya bunduki ya kiongozi.

Visiwani kazi iliyoteguza watu ilikuwa nyingine. Mbegu za mkarafuu zilifika Unguja mwanzoni mwa karne ile kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza upandaji wake hata kisiwa kikajaa. Kisha tufani ya Aprili 1872 ikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ikaibakisha ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi. Sasa mkarafuu ni mti mwenye ghururi. Unapendeza kwa macho, una harufu ya kumtoa nyoka pangoni, lakini tawi lake halipindi: likizidiwa hukatika ghafla bila ya kutoa sauti ya kuonya. Na karafuu zilizo bora ndizo zilizo juu na pembeni, kwenye ncha za matawi, nazo hazina budi kuchumwa kabla ua halijafunguka, kwa hiyo mchumaji hana hiari ya kungoja siku kavu; hupanda na umande wa asubuhi, na baada ya mvua, gome likiteleza, akilivuta tawi kwa ngowe kwa mkono mmoja na kuchuma kwa mkono wa pili. Walipanda watumwa mpaka utumwa ulipofutwa mwaka 1897, kisha wakapanda Wahadimu wa kusini, na Wapemba wenyewe, na Wanyamwezi waliovuka bahari kutafuta ujira wa pishi. Hakuna aliyehesabu walioanguka. Waliovunjika mgongo walikumbukwa na aila zao. Waliovunjika mkono walikumbukwa kwa mkono uliopinda. Na wale wengi zaidi waliotua vibaya tu, kifundo kikavimba na kuiva kama zambarau, walikandwa jioni barazani wakati wenzao wanachambua karafuu na makonyo, na kesho kutwa wakarudi mtini.

Mti ule ulioangusha watu ulitoa pia dawa yao. Mafuta ya karafuu yana kitu ambacho wataalamu wa kemia hukiita yujenoli, chenye sifa ya kutia ganzi, na ndiyo sababu waganga wa meno wa dunia nzima walikifanya mtumishi wao. Pemba hata leo ina kiwanda karibu na Chake Chake kinachoyakamua mafuta hayo kutoka makonyo. Wazee hawakuhitaji kiwanda. Walizitia karafuu kavu ndani ya chupa ya mafuta ya nazi, wakaianika juani siku kadhaa hata mafuta yakabadilika rangi, wakaiweka mvunguni pasipofikiwa na watoto. Walijua kwamba mafuta makali yakipakwa matupu huunguza ngozi, kwa hiyo hawakuyatumia pasipo ya nazi au ya uta. Na hayo ya uta, yanayokamuliwa katika ufuta, yalikuwa na historia yake: katika mji wa Unguja, kadhalika Lamu na Mombasa, yalisagwa katika vinu vikubwa vilivyozungushwa na ngamia aliyefungwa macho, akienda duara moja tangu alfajiri, na wenye vinu waliuza mafuta ya kula, ya taa, ya nywele na ya kuchulia mwili katika kipimo kile kile, bila ya kumwuliza mnunuzi anakwenda kuyafanyia nini.

Nyumba moja ilitofautiana na jirani yake katika kile ilichotangulia kukimbilia. Huyu alikwenda ua wa nyuma kukata majani ya mbarika, akayapitisha juu ya makaa mpaka yakanywea, akayafunga juu ya uvimbe kwa kipande cha kanga. Yule alichemsha maji na chumvi ya mawe, akaukanda mguu kwa kitambaa. Nyumba za Wahindi zilisaga manjano, zikayachanganya na chumvi kidogo na maji ya moto, zikaupaka mguu rangi iliyodumu wiki nzima, hata mtu akijulikana njiani kwamba ameteguka kabla hajaonekana akichechemea. Walikuwapo pia wapiga chuku, walioamini kwamba damu iliyovilia lazima itolewe, nao waliumika penye uvimbe na kuchanja. Mimi katika hao nawaona wapiga chuku kuwa ndio waliostahili kuogopwa, maana wembe wao ulifungua mlango ambao ngozi ilikuwa imeufunga kwa hekima.

Maarifa haya hayakuzuka yote papo hapo pwani, wala hayakuletwa yote kutoka nje. Tiba ya Waarabu ilikuwa imezishughulikia kano na mifupa karne nyingi kabla. Al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika katika makala ya mwisho ya kitabu chake kikubwa juu ya kuunga mifupa na kurudisha viungo vilivyotoka, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyatia mambo hayo katika kitabu cha nne cha Kanuni yake, akausia kwamba gango lisifungwe kwa haraka bali kungojwe uvimbe upungue. Sitadai kwamba mkandaji wa Ng'ambo aliisoma Kanuni, kwa kuwa wengi wao hawakusoma hata barua. Lakini pwani yetu ilipokea mahakimu wa Kihindi na mashekhe wa Kihadhrami, na maneno ya vitabu hushuka kutoka kwa msomi hadi kwa mtumishi wake, na kutoka kwa mtumishi hadi jikoni, yakafika yamevuliwa majina ya walioyasema. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, aliyaandika maradhi na dawa na waganga kwa urefu, na anayemsoma huona jinsi kisomo, jani na mkono vilivyokaa pamoja bila ya kugombana.

Natufike sasa kwa mkandaji mwenyewe, maana yeye ndiye roho ya habari hii. Mgonjwa huletwa amemwegemea nduguye, akakalishwa mkekani, naye bibi huketi juu ya kigoda na kuuweka ule mguu mapajani mwake juu ya kitambaa kikuukuu. Mwenye pupa hutia mafuta mara moja. Mkandaji stadi hatii. Kwanza hutazama miguu yote miwili, akaifananisha. Kisha kwa ncha ya kidole gumba huubonyeza mfupa wa kifundo upande wa nyuma, wa nje na wa ndani, taratibu, akimtazama mgonjwa usoni wala si mguuni, kwa sababu uso husema kabla ya kinywa. Halafu hubonyeza ubavu wa wayo, pale mfupa wa kidole cha mwisho unapoanzia. Kisha humwambia, "Simama, mwanangu, unipigie hatua mbili tatu." Akishindwa kabisa kukanyaga, au akipiga ukelele mfupa unapobonyezwa, bibi huufuta mkono wake na kusema kwamba hii si kazi yake, mpelekeni kwa mwunga mifupa, au siku hizi, mpelekeni hospitali. Akikanyaga, ijapokuwa kwa machozi, mafuta hupashwa katika kibia, jina la Mungu hutajwa, na kazi huanza mbali na uvimbe, katika muundi, kwa vidole gumba vinavyopanda juu kuelekea goti, kiasi kwamba mgonjwa wa mara ya kwanza hudhani bibi amekosea mahali.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mwaka 1992 Ian Stiell na wenziwe wa Ottawa, Kanada, waliokuwa wakitafuta njia ya kupunguza picha za eksirei zinazopigwa bure, walitoa kanuni ambazo leo hufundishwa kwa madaktari kila mahali: bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo kwa pande zote mbili, bonyeza shina la mfupa wa kidole cha mwisho na mfupa wa ndani wa katikati ya wayo, kisha mtazame mgonjwa kama aweza kupiga hatua nne. Wao walizipima kanuni zao kwa mamia ya wagonjwa, jambo ambalo mkandaji hakulifanya, na kwa hiyo yao ni elimu na yake ni uzoefu. Lakini vidole vyao viliishia mahali pamoja.

Hospitali nayo ilikuwapo. Jengo zuri la Tharia Topan lililo mbele ya bandari ya Unguja, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na ambalo tajiri yule hakuishi kuliona limekamilika, likaja kuwa zahanati. Wamishonari wa UMCA walikuwa na hospitali yao Mkunazini. Na serikali ya himaya ilikuwa na matabibu wake. Lakini matabibu wale walikuwa wachache, tauni na ndui ziliwashughulisha, na mtu aliyefika kwao akilalamika mguu tu alirejeshwa na chupa ya dawa ya kusugulia na nasaha ya kupumzika, nasaha ambayo hamali wa forodhani, anayelipwa kwa gunia, hakuwa na njia ya kuifuata. Wala haikuwa hivyo kwetu tu. Huko Uingereza kwenyewe, mwaka 1867, tabibu mkubwa James Paget aliwahutubia wenziwe juu ya wagonjwa wanaoponywa na waunga mifupa wasiokuwa na shahada baada ya madaktari kushindwa, akawahimiza wajifunze kilicho chema kwao na kuacha kilicho kibaya. Na mwunga mifupa mmoja wa London, Herbert Barker, ambaye madaktari walimpiga vita kwa miaka mingi, alitunukiwa cheo na mfalme mwaka 1922. Tofauti ni kwamba ugomvi wao ulipigwa magazetini. Kwetu hapakuwa na ugomvi, kwa kuwa hapakuwa na aliyekitaka kiti cha bibi mkandaji. Sheria za kikoloni ziliwaandama wachawi na wapiga ramli, zikampita yeye mlangoni pake bila ya kubisha hodi.

Kilichombadilisha mkandaji hakikuwa sheria bali duka. Zam-Buk ilianza kutengenezwa Leeds mwaka 1902 na ikatapakaa katika makoloni; Tiger Balm ilizaliwa Rangoon katika duka la mganga wa Kichina, watoto wake wakaihamishia Singapore katika miaka ya 1920, na kile kikopo chake kidogo chenye picha ya chui mwenye milia kikafika katika mikoba ya mahujaji, mabaharia na wachuuzi. Mtu akiyasoma yaliyoandikwa juu ya kikopo hicho atakuta kafuri, mentholi, na mafuta ya karafuu. Kwa hiyo kijana wa Wete aliyeteguka juu ya mkarafuu aliweza kununua kwa fedha za karafuu dawa ya kigeni yenye karafuu ndani yake, akamdharau nyanya yake kwa chupa aliyoificha mvunguni. Si vibaya, kikopo hubebeka, na hakihitaji mtu wa kukiamsha usiku. Lakini kikopo hakibonyezi mfupa wala hakimwambii mtu aende hospitali.

Mpira wa miguu uliongeza wateja. Tangu Kombe la Gossage lilipoanza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, likaja kuwashirikisha Tanganyika na Zanzibar, viwanja kama Mnazi Mmoja vilijaa vijana waliocheza miguu mitupu, na kila timu ikahitaji mtu wa kukaa pembeni na ndoo ya maji na kitambaa. Huyo ndiye aliyekuja kuitwa mchua misuli, na wengi wa wachua misuli wa kwanza hawakusomea popote isipokuwa nyumbani. Kazi iliyokuwa ya wanawake wazee uani ikawa sasa ya wanaume, hadharani, mbele ya maelfu ya watu, nayo ikapata jina, cheo na nauli ya safari. Bibi aliyemfundisha hakupata tiketi ya kuingilia.

Barafu ndiyo iliyochelewa. Pwani ya joto haikuwa nayo majumbani mpaka umeme na majokofu yalipoenea, na ubaridi pekee uliokuwapo ni ule wa maji ya mtungi. Mwaka 1978 daktari wa Kimarekani, Gabe Mirkin, alipoandika katika kitabu chake kuhusu tiba ya wanamichezo kwamba aliyeumia kiungo apumzike, awekwe barafu, afungwe bandeji na ainue mguu, kanuni yake ilienea duniani ikawa kama amri, na vijana wetu waliotoka vyuoni wakawacheka wazee wanaokanda kwa moto. Wazee nao wakafanya wafanyavyo siku zote, wakanyamaza. Mwaka 2012 wataalamu wakaandika katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo kwamba mapumziko yakizidi yanadhuru, na kiungo chapaswa kutumiwa mapema kwa kiasi. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe akakiri hadharani kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe ni sehemu ya kazi ya mwili ya kujitengeneza. Na mwaka 2019 Blaise Dubois na Jean-François Esculier wakatoa kanuni mpya ambayo haina barafu kabisa, inayoagiza kukilinda kiungo siku chache za mwanzo, kisha kukizoesha mzigo na mazoezi kidogo kidogo.

Asije mtu akafurahi upesi na kusema kwamba wazee wameshinda. Katika siku mbili tatu za mwanzo kiungo kingali na moto wake, na kukisugua kwa nguvu au kukikanda kwa maji ya moto huzidisha uvimbe. Mkandaji hodari aliliona hilo, akapaka mafuta juu juu tu na kufunga, akamwambia mtu arudi joto la mguu likitoka, lakini si kila mkandaji alikuwa hodari, na wapo waliovuta miguu iliyovunjika wakidhani inarudi mahali pake, na wapo waliofunga gango hata vidole vikawa vyeusi. Hospitali zetu zimewapokea wengi wa namna hiyo wakiwa wamechelewa. Ustadi usioandikwa una dhara hili, kwamba mgonjwa hana njia ya kumpambanua fundi na mwenye kujifanya fundi ila kwa sifa za mtaa, na mtaa husifu kwa sababu nyingi.

Mwaka 2002 Tanzania Bara ilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala, likaundwa baraza la kuwasajili waganga na kuzisimamia huduma zao, na Zanzibar ikafuata kwa sheria yake. Wauza mizizi wamejiandikisha, na wenye kliniki za hijama wametundika vyeti ukutani. Mkandaji wa kuteguka haonekani sana katika foleni hiyo. Ada yake tangu zamani ni yale mafuta yanayobaki katika kibia, ratili ya sukari, na pengine doti ya kanga Idi ikifika. Hana kibao mlangoni, na mrithi wake ni mjukuu yule anayeamriwa kushika kibia na ambaye siku moja, bibi akiwa na homa, huombwa ajaribu. Mwandishi wa serikali akipita mtaani na kumwuliza mama huyo anafanya kazi gani, hujibiwa bila ya hila yoyote kwamba yeye huuza maandazi.